Je, wajua kwa nini kipimo cha mkojo huweza kudanganya baada ya kupandikizwa kiinitete?

Mwanamke aliyepandikizwa kiinitete, yaani yai lililovunwa na kurutubishwa maabara (IVF) kisha likawekwa kwenye mfuko wa uzazi, kwa kawaida hupangiwa kupimwa damu baada ya siku 9 hadi 14. Wengi hushindwa kuvumilia, wakajipima mkojo nyumbani, mistari miwili ikatokea, na siku chache baadaye kipimo cha damu kikaonyesha kwamba hakuna mimba. Kipimo hakikuwa kibovu. Kilitumika kabla ya wakati wake.

Vipimo vya mkojo na vya damu vyote hutafuta homoni ya hCG, inayotolewa na chembe za kondo la nyuma pindi kiinitete kinapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hata hivyo, sindano ya kukomaza mayai, inayochomwa takriban saa 36 kabla ya mayai kuvunwa, mara nyingi huwa na hCG hiyo hiyo, na mabaki yake huweza kukaa mwilini kwa siku 10 au hata 14. Kipimo hakijui homoni imetoka wapi. Kwa upande mwingine, kiinitete cha siku 5 huchukua siku kadhaa kujishikiza na homoni yake kupanda, hivyo anayepima mapema huweza kuona mstari mmoja ilhali mimba imeingia. Aliyepandikizwa kiinitete kilichogandishwa mara nyingi hakuchomwa sindano hiyo karibuni. Kwake tatizo kubwa ni hili la pili.

Dalili za mwili nazo si za kutegemewa. Projesteroni, dawa inayotolewa ili kuimarisha ukuta wa mfuko wa uzazi, huleta maumivu ya matiti, uchovu, tumbo kujaa na choo kigumu, tena huweza kuchelewesha hedhi hata pasipo mimba. Matone ya damu pia hayathibitishi kwamba mimba imeharibika, kwa hiyo dawa isiachwe bila agizo la daktari.

Kipimo cha damu hutoa namba badala ya mstari. Chini ya 5 huhesabiwa kuwa hakuna mimba, juu ya 25 ipo, na kati ya hapo hurudiwa. Namba ya kwanza, ambayo wengi huikariri na kuilinganisha na za wenzao, haina uzito kama mwendo wake: katika mimba inayoendelea vizuri, namba hiyo kwa kawaida hukaribia kuwa mara mbili ndani ya saa 48 hadi 72.

Ultrasaundi hufuata katika wiki ya 6 au ya 7, hesabu ikianza wiki mbili kabla ya yai kurutubishwa. Huonyesha pia mimba ilipokaa, kwa kuwa kiinitete kilichowekwa ndani ya mfuko wa uzazi huweza kuhamia kwenye mrija wa uzazi. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega au kizunguzungu ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, hata kama namba za damu zilikuwa zikipanda.