Injini ya kreti katika mbio za magari ya Stock

Ukisikia "injini ya kreti", kreti la soda halipo mbali: jina limetokana na sanduku la mbao ambalo injini husafirishwa ndani yake. Ni injini mpya, imeunganishwa kiwandani kuanzia bloku hadi silinda hedi, na inauzwa peke yake bila gari, kwa namba yake ya spea. Chevrolet na Ford huziuza. Unaitoa sandukuni, unaifunga kwenye gari lako, unawasha.

Ugumu unakuja ukitaka kushindana nayo katika daraja la Stock la NHRA, chama cha Marekani cha mbio za magari kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Hapo magari mawili hukimbizana kwenye njia iliyonyooka, robo maili, kama mita 402. Sharti la Stock ni kwamba gari liwe na injini ambayo kiwanda chenyewe kililiuza nayo, modeli ile na mwaka ule. Injini ya kreti haina ukoo huo. Haikuzaliwa ndani ya gari lolote.

Kwa hiyo huwa haipiti mpaka chama kiitambue kwa namba yake na kuiandikia vipimo vyake: silinda hedi ipi, kabureta ipi, kamshafti inainua valvu kiasi gani. Injini isiyo kwenye orodha inakataliwa hata ikiwa dhaifu. Ukibadilisha hedi ukaweka nzuri zaidi, hiyo si injini iliyoorodheshwa tena, na hoja ya kwamba uliinunua mpya haikusaidii.

Utamu wote, kwa maoni yangu, uko kwenye nguvu za farasi. Daraja la gari hupatikana kwa kugawa uzito wake kwa nguvu za injini. Tuseme gari lina ratli 3,200 na injini imeandikiwa farasi 320: kila farasi anabeba ratli 10, na hesabu hiyo ndiyo inayokupangia wapinzani. Lakini farasi hao si wale wa kwenye tangazo la muuzaji. Ni wale ambao chama kimekukadiria, nacho kinaweza kuwaongeza magari yenye injini hiyo yakizidi kukimbia kuliko ilivyotarajiwa.

Tahadhari hiyo ina historia. Mwaka 1968 Ford waliitangaza injini yao ya 428 Cobra Jet kuwa na farasi 335. Wajuzi walicheka, maana ilikuwa na nguvu zaidi ya hapo. Mwaka huohuo dereva Al Joniec alishinda nayo daraja la Super Stock, ndugu wa Stock, kwenye mashindano ya NHRA ya Winternationals, Pomona, California. Namba ndogo kwenye karatasi humpa dereva daraja rahisi, na viwanda vililijua hilo.

Usichanganye haya na mbio za viwanja vya mviringo. Kule injini ya kreti ya Chevrolet inayoitwa 602 huja na boliti maalumu za lakiri, na ukizigusa unaonekana umeifungua. Kwenye Stock ni kinyume: fundi anaruhusiwa kuifungua na kuiunda upya kwa makini, ilimradi asivuke vipimo. Naye mshindi anaweza kuambiwa aifungue mbele ya wakaguzi, wapime kitu kimoja kimoja.