Boti kwenye tope: yanayosemwa ufuoni na yanayotokea majini

Dhana: Boti ikianza kuvutwa na tope, ongeza moto utoke.

Hii imeua injini nyingi huku Kisumu, hasa kuelekea mdomo wa mto Nyando, ambako mvua hushusha udongo mwingi katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Ukweli ni kwamba maji yakiwa haba chini ya boti, kadiri unavyokazana ndivyo tezi, yaani nyuma ya boti, inavyozama. Propela inayatupa maji nyuma, na mengine hayapati nafasi ya kuja upesi.

Dalili huonekana mapema. Wimbi la nyuma linasogea karibu na kuinuka, maji yanageuka mazito kama uji, na injini inabadilisha sauti ingawa mkono wako haujagusa mafuta. Hapo punguza. Waambie abiria wasogee omo, yaani mbele, kwa kuwa uzito wa injini uko nyuma tayari. Inua injini kidogo, ila matundu ya kuvutia maji yasitoke nje. Ikishagota kabisa, zima, inua mguu wa injini, shika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, urudi ulikotoka. Kina cha nyuma unakijua. Cha mbele unabahatisha.

Wale wa "nunua farasi 40, hutakwama" wanasahau kwamba injini hiyo ni nzito kuliko ya farasi 15, na inaning'inia pale pale boti inapozama kwanza. Ni kweli boti nyepesi ikikolea mwendo huinuka na kuhitaji maji machache. Lakini ukikutana na wavu ghafla ukasimama, inashuka topeni, na haipati kina cha kuinukia tena.

Dhana: Mradi maji yanaruka ubavuni mwa injini, inapoa vizuri.

Si lazima. Injini hujipoza kwa maji ya ziwa, yanayovutwa na pampu yenye impela (kigurudumu chenye mapezi) ya mpira. Tope lenye mchanga hula mapezi ya impela polepole. Maji yanaendelea kuruka, lakini kila wiki kwa unyonge zaidi. Kinyume chake pia hutokea: kitundu cha kutolea kimezibwa na tope na pampu haina neno. Zima, chokoa kitundu kwa waya mwembamba, kisha washa uangalie. Yakitoka na mvuke, safari imeisha. Ukifika ufuoni, ingiza mguu wa injini kwenye pipa la maji safi uiache ingurume kidogo. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanamlaumu fundi.

Kuhusu magugumaji, propela haiyafyeki. Mizizi hujisokota kwenye shafti mpaka injini izime yenyewe. Zima wewe kwanza, inua, nyofoa kwa mkono.

Dhana: Maji ni ya magotini, shuka usukume.

Maji ndiyo ya magotini. Tope lililo chini yake linaweza kukumeza hadi kiunoni. Ziwa hili lina kichocho, na kwenye mafunjo ya Dunga kuna viboko. Sukuma kwa upondo ukiwa ndani ya boti.

Dhana: Tuagize injini za wawinda bata wa Marekani, zinapita juu ya matope.

Video zake zinavutia, nakubali. Kwenye mabwawa ya Louisiana wawindaji hufunga injini inayopozwa na hewa, yenye shafti ndefu, kwenye boti ya alumini yenye tumbo bapa. Haivuti maji ya kujipoza, kwa hiyo tope haliichomi. Hapa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mvuvi au mtembeza watalii wa ndege angeweza kuitumia. Hata hivyo, nayo inahitaji tope laini lenye maji. Kwenye udongo mgumu inakwama vilevile. Nyingi za shafti ndefu hazina gia ya kurudi nyuma. Tena tumbo bapa lenye kingo fupi si chombo cha kukabili upepo wa alasiri katikati ya ghuba, mawimbi yakianza kuingia ndani. Na wawindaji wenyewe, pamoja na injini hizo zote, hubeba upondo.