Chembe nano za fedha na zinki kwa kutumia kuvu na bakteria: mambo yanayoharibika kati ya flaski na shamba

Ukiongeza nitrati ya fedha kwenye maji yaliyochujwa kutoka kwa kuvu aina ya Trichoderma, kufikia kesho yake flaski huwa imegeuka kutoka manjano hafifu hadi rangi ya chai ya rangi. Ioni za fedha (atomi zenye chaji ya umeme) zimepokea elektroni, zikawa madini, na madini hayo yamejikusanya katika chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kazi ya kweli inaanza hapo, hasa ukitaka kuzipeleka shambani: fedha dhidi ya bakteria wa mimea, zinki kama chakula cha mmea. Rangi peke yake haikuambii chembe zina ukubwa gani, ioni ngapi zimebaki, wala kama kuvu ndiyo iliyofanya kazi au ni sukari ya chakula chake.

Kwa nini tuhangaike na vijidudu wakati kemikali za kawaida hutoa chembe hizo kwa dakika chache? Sababu ni protini. Kijidudu hutoa vimeng'enya vinavyotia elektroni kwenye ioni, na protini zilezile huzivika chembe koti linalozizuia kushikamana. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba bakteria Pseudomonas stutzeri AG259, aliyetoka kwenye mgodi wa fedha, hujaza fuwele za fedha za hadi nanomita 200 ndani ya seli yake. Tatizo ni kuzitoa: lazima seli zipasuliwe, kisha usafishe uchafu wake wote. Ndiyo maana nashauri utumie majimaji yaliyochujwa, ambamo chembe hujengeka nje ya seli.

Uchaguzi wa kijidudu ni jambo zito kwa nchi kama Uganda inayokula matooke (ndizi za kupika). Fusarium oxysporum hutajwa sana kwa kazi hii, lakini jamii yake moja ndiyo inayoleta ugonjwa wa Panama kwenye migomba. Aspergillus flavus nayo hutengeneza sumukuvu ya aflatoksini. Sioni sababu ya kufuga yoyote kati ya hizo karibu na shamba au chakula. Kuvu Trichoderma harzianum na bakteria Bacillus subtilis zinatosha, na zimezoeleka kwenye kilimo.

Utaratibu wa fedha uko hivi. Otesha Trichoderma kwenye mililita 100 za mchuzi wa viazi na glukosi (viazi gramu 200 na glukosi gramu 20 kwa lita, uliopikwa kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15). Iache siku 5 kwa nyuzi 28 ikitikiswa. Chuja, kisha osha kuvu mara tatu kwa maji safi yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena). Usiruke hatua hii: glukosi iliyobaki inaweza kubadilisha fedha yenyewe, hasa ukipasha moto, nawe utaisifia kuvu kwa kazi ya sukari. Weka gramu 10 za kuvu mbichi iliyooshwa kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, tikisa siku 2 hadi 3, chuja kwa karatasi, halafu pitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.2 ili isibaki hata mbegu moja ya kuvu.

Kipimo kinachotakiwa ni milimola 1 kwa lita, yaani gramu 0.017 tu za nitrati ya fedha kwa mililita 100. Mizani nyingi haziaminiki kwa uzito huo. Tengeneza akiba: gramu 1.7 kwenye mililita 100 za maji, chupa ya kahawia. Chukua mililita 1 ya akiba, ongeza kwenye mililita 99 za majimaji ya kuvu, funga flaski kwa karatasi ya alumini, uiweke gizani. Vaa glovu, nitrati ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa.

Adui mkubwa hapa ni kloridi. Maji ya bomba yanayo, na michuzi mingi ya bakteria ina chumvi ya mezani gramu 5 hadi 10 kwa lita. Ukitia fedha humo, badala ya kahawia unapata wingu jeupe la maziwa ambalo likipigwa na mwanga hugeuka zambarau kisha kijivu. Hiyo ni kloridi ya fedha. Maji ya betri (yale yasiyo na asidi) yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanaweza kusaidia pale ambapo hakuna mtambo wa kukeneka, lakini yapime kwanza: tone moja la akiba yako ndani ya bomba la majaribio. Yakifanya ukungu, yaache.

Kloridi hiyohiyo inakufaa mwishoni. Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu yaliyo safi, utie tone la maji ya chumvi. Ukungu mweupe ukitokea, bado kuna ioni za fedha ambazo hazijageuka. Kipimo hiki ni cha bei ya chumvi, na bado wengi hawakifanyi. Bila hicho, ukipaka dawa yako kwenye sahani ya bakteria na duara wazi likatokea, hujui kama waliouawa wameuawa na chembe au na ioni zilizobaki. Rudia kuzungusha na kuosha, kwa kawaida mara tatu, hadi maji ya juu yakae angavu.

Kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na majimaji, pima mawimbi ya mwanga kuanzia nanomita 300 hadi 700. Chembe nzuri za fedha huonyesha kilele kimoja kati ya 400 na 450. Kilele kikipanuka na kusogea kuelekea 500 na zaidi, chembe zinashikamana. Mara nyingi chanzo ni pH (kipimo cha asidi na besi): majimaji yakiwa ya asidi, kazi huenda polepole na chembe hutoka kubwa, pH 8 hadi 9 huharakisha na kuzifanya ndogo. Andika pH ya kila flaski, maana majimaji ya wiki hii hayatakuwa sawa na ya wiki ijayo. Na kila mara weka flaski mbili za ulinganisho: majimaji bila fedha, na fedha kwenye maji bila kuvu. Flaski ya pili ikigeuka kahawia, vyombo vyako ni vichafu au mwanga umeingia.

Baada ya hayo yote, je, fedha hiyo tuipulize shambani? Msimamo wangu ni hapana. Watu huvutiwa na fedha kwa sababu ya mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria Xanthomonas, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001. Kwenye sahani ya maabara fedha huzuia bakteria vizuri. Ndani ya mgomba, bakteria huyo anaishi kwenye mishipa ya maji, mahali ambapo matone yaliyopulizwa juu ya jani hayafiki. Fedha inayodondoka ardhini huwakuta vijidudu wale wanaogeuza amonia kuwa nitrati, na wale wanaofunga naitrojeni kwenye mizizi ya maharage yaliyopandwa chini ya migomba. Panga lililopitishwa kwenye moto au jiki, ua la dume lililokatwa kwa mti wenye panda, na shina gonjwa kuondolewa mapema: hayo bado yanashinda.

Zinki ni habari nyingine, kwa kuwa mmea wenyewe unaihitaji. Mahindi yenye upungufu wa zinki yanaonekana kwa macho: majani machanga huwa na mkanda wa weupe-njano kila upande wa mshipa wa kati, kuanzia chini ya jani, huku kingo zikibaki kijani. Udongo mwekundu uliochoka una visa hivi.

Kwa oksidi ya zinki, majimaji ya Bacillus huchanganywa na asetati ya zinki, pH hupandishwa kidogo kidogo kwa sodiamu haidroksidi, hupashwa nyuzi 80, na unga mweupe hutua chini. Hapa udanganyifu ni mwingi kuliko kwenye fedha, kwa sababu kila kitu ni cheupe. Mchuzi ukiwa na fosfati, umepata fosfati ya zinki. Ukikausha tu bila joto la kutosha, huenda una haidroksidi. Ukichoma kwa nyuzi 400 kwa saa 2 unapata oksidi, lakini umeteketeza lile koti la protini ulilolitafuta. Fanya flaski moja yenye sodiamu haidroksidi bila bakteria. Unga wake ukiwa sawa na wako kwenye kipimo cha miale ya X, bakteria hakuongeza lolote, nawe uandike hivyo.

Kipimo cha shambani kinahesabika. Oksidi ya zinki ina zinki asilimia 80 kwa uzito. Ukitaka miligramu 50 za zinki kwa lita, unahitaji miligramu 62 za oksidi. Bomba la mgongoni la lita 16 linachukua takriban gramu 1. Salfeti ya zinki ya kawaida hupulizwa kwa gramu 5 kwa lita, gramu 80 kwa bomba hilohilo. Tofauti hiyo inavutia, ila haithibitishi kitu mpaka jaribio liwe na vipande hivi: maji matupu, majimaji ya bakteria bila madini, salfeti yenye kiasi kilekile cha zinki, oksidi ya kawaida ya dukani, na chembe zako. Tikisa bomba kila unapofika mwisho wa mstari, la sivyo unga hutua na mistari ya kwanza hunywa zinki yote. Kupima unga mkavu ni kwa barakoa nzuri. Afadhali uuhifadhi ukiwa ndani ya maji.

Kwenye chakula naenda kwa tahadhari zaidi. Mahindi ya Afrika Mashariki yanatakiwa yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na hakuna mfuko wa kuhifadhia uliotiwa chembe za fedha unaoondoa sumu iliyokwisha kutengenezwa. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 kwanza. Chembe zozote zinazogusa chakula zipimwe kama zinahama kutoka kwenye mfuko.

Masalia yasimwagwe sinki. Mifereji mingi ya Kampala huishia kwenye mfereji mkuu wa Nakivubo, Nakivubo huingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na mtambo wa maji wa Ggaba huchota humohumo. Kuvu na bakteria wapitie otoklevu. Maji yenye fedha tia chumvi, acha mashapo yatue, yachuje na kuyahifadhi kwa wanaosafisha fedha upya.

Bidhaa ya kuuza lazima isajiliwe kwanza chini ya sheria ya Uganda ya kemikali za kilimo ya mwaka 2006. Ya majaribio kaa nayo kwenye chupa ya kahawia, nyuzi 4. Iliyo ya fedha irudishe kwenye spektrofotometa kabla ya kila matumizi: kilele kikiwa kimesogea au kimeshuka, itengeneze upya.