Jinsi, jinsia na neno "mwanamke": wanafeministi wanabishania nini?

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: jinsi na jinsia. Wanaoandika kwa uangalifu huyatenga. Jinsi ni maumbile, kile anachokitaja mkunga mtoto anapozaliwa. Jinsia ni yale ambayo jamii huyarundika juu ya maumbile hayo: nani apike, nani arithi ardhi, nani anyamaze wengine wakizungumza. Fomu nyingi huandika "jinsia" zikitaka kujua jinsi, na kwa kawaida hakuna anayedhurika. Katika mjadala huu wa nani ahesabiwe mwanamke, kosa hilo lina gharama, maana ugomvi wenyewe umo katikati ya maneno hayo mawili.

Miongoni mwa waliopambanua mambo hayo ni wanafeministi wenyewe, yaani watetezi wa haki na usawa wa wanawake. Mwaka 1949 Simone de Beauvoir, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali huwa mwanamke. Kauli hiyo ilikuwa silaha: kama unyenyekevu na kazi za jikoni hatuzaliwi nazo, hakuna anayeweza kutubebesha kwa kisingizio cha maumbile. Baadaye likaja wazo la tatu, utambulisho wa kijinsia, yaani vile mtu anavyojijua ndani ya nafsi yake kuwa mwanamke, mwanamume, au si mmoja wa hao. Hapo swali likawa halikwepeki. Aliyezaliwa na mwili wa kiume, akajitambua na kuishi kama mwanamke, je, harakati za wanawake ni zake pia?

Kundi moja, linaloitwa wakosoaji wa dhana ya jinsia, linajibu kwamba mwanamke hukandamizwa kwa sababu ya mwili wake. Msichana anayekeketwa au kuozwa akiwa mtoto haulizwi kwanza anajitambua vipi. Sheria ikiacha kuutaja mwili huo, wanasema, itashindwa hata kuhesabu madhara anayotendewa. Kwao jinsia ni pingu ya kuvunjwa, kwa hiyo hawaoni vipi iwe utambulisho wa kukumbatiwa. Janice Raymond wa Marekani alikwisha kuandika hivyo kwa ukali mwaka 1979.

Kundi la pili linasema ukandamizaji hufuata pia namna mtu anavyoonekana na kutendewa, na wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa na mwili wa kiume, hukutana na dharau na vipigo vilevile. Linakumbusha kwamba hakuna maisha ya kike ya aina moja, somo ambalo wanafeministi weusi walilifundisha kwa uchungu walipochoka kusikia wanawake weupe wakisema kwa niaba ya wote. Linaonya pia kwamba ukianza kukagua nani ni mwanamke halisi, wa kwanza kusimamishwa mlangoni atakuwa mwanamke yeyote mrefu, mwenye sauti nzito au kifua bapa. Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1990 alikwenda mbali zaidi akadai kwamba hata jinsi yenyewe tunaiona kupitia miwani ya utamaduni.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hukosea zinapotaka jibu moja lifungue kila mlango. Hati ya kusafiria si mbio za mita 100. Argentina iliruhusu mwaka 2012 mtu abadili jinsia kwenye hati zake kwa tamko lake mwenyewe, bila daktari wala hakimu. Shirikisho la riadha duniani, mwaka 2023, liliwazuia wanawake waliobadili jinsia baada ya kubalehe kiume kushindana katika mashindano ya kimataifa ya wanawake, hoja ikiwa nguvu ambayo kubalehe huacha mwilini. Mtu anaweza kuunga mkono maamuzi yote mawili bila kujipinga.

Uingereza ndiko mvutano ulikofika mbali kisheria. Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kurahisisha utambuzi wa kisheria wa waliobadili jinsia Desemba 2022, na mwezi uliofuata serikali ya London ikaizuia. Kisha tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, waliamua kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni mwanamke kwa jinsi ya kuzaliwa, huku wakisisitiza kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyohiyo dhidi ya ubaguzi. Waliosherehekea nje ya mahakama walikuwa wanafeministi. Waliolia siku hiyo, wengi wao walikuwa wanafeministi pia.

Mlango mgumu kuliko yote ni wa nyumba salama, wanakokimbilia wanawake waliopigwa au kubakwa. Ndani yupo mama anayeshtuka kila akisikia sauti nzito kwenye korido. Nje, usiku, amesimama mwanamke aliyebadili jinsia, naye uso umevimba kwa ngumi za mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Zipo nyumba zinazompokea, zipo zinazomtengea chumba chake, na zipo zinazomwelekeza kwingine. Anayeshika funguo zamu hiyo hana wiki ya kusoma nadharia.