Je, wajua kwa nini Erich von Stroheim aliacha kuongoza filamu?

Wengi wanaomfahamu Erich von Stroheim wanamfahamu kwa sura: kichwa kilichonyolewa, shingo iliyokakamaa, miwani ya jicho moja na sare ya afisa wa Kijerumani. Wachache wanajua kwamba mzaliwa huyu wa Vienna alikuwa, katika miaka ya 1920, mmoja wa waongozaji waliothubutu kuliko wote Hollywood, na kwamba baada ya mwaka 1933 hakuongoza tena hata filamu moja, ingawa aliishi miaka 24 zaidi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba alikuwa mbadhirifu. Ni kweli alitumia fedha nyingi, lakini wabadhirifu wengine waliendelea kupewa kazi, kwa hiyo jibu halina budi kutafutwa mbali zaidi ya daftari la hesabu.

Stroheim alizaliwa tarehe 22 Septemba 1885 katika familia ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa mtengenezaji wa kofia. Alipofika Marekani mwaka 1909 alijiongezea neno "von" katika jina lake, alama ya ukoo wa kikabaila, kisha akajitambulisha kama mtu wa tabaka la juu aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la farasi. Nasaba hiyo aliibuni mwenyewe, na nyaraka za kuzaliwa kwake zilikuja kuthibitisha hivyo baada ya kifo chake. Jambo hili lina uzito kwa sababu mtu huyuhuyu aliyejitungia maisha ndiye aliyedai, kwa ukali usio wa kawaida, kwamba kila kitu mbele ya kamera kiwe halisi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipata riziki kwa kuigiza maafisa wakatili wa Kijerumani, hata matangazo yakamwita mtu ambaye watazamaji wanapenda kumchukia. Mwaka 1919 alimshawishi Carl Laemmle, mkuu wa studio ya Universal, ampe nafasi ya kuandika, kuongoza na kuigiza filamu yake ya kwanza, Blind Husbands, nayo ikafanikiwa. Kwa filamu ya Foolish Wives, iliyotoka mwaka 1922, alijengesha upya kasino ya Monte Carlo katika eneo la studio, na Universal ikajivunia hadharani kwamba filamu hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni moja. Mwaka huohuo, akiwa katikati ya kupiga filamu iliyofuata, aliachishwa kazi na Irving Thalberg, msimamizi wa studio mwenye umri wa miaka 23 tu. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mgogoro wenyewe: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya filamu, anayeiongoza au anayeigharamia?

Mgogoro huo ulimfuata hadi kwenye Greed, filamu ambayo bado inawaumiza moyo wapenzi wa sinema, nami nikiwa miongoni mwao. Stroheim aliichukua riwaya ya McTeague ya Frank Norris, inayomhusu daktari wa meno anayeangamizwa na tamaa ya fedha, akataka kuiweka yote kwenye filamu bila kuruka sura wala mandhari. Badala ya kujenga seti, alipiga picha katika nyumba na mitaa halisi ya San Francisco, kisha katika kiangazi cha 1923 akawapeleka waigizaji kwenye jangwa la Death Valley, ambako joto lilipita nyuzi 45 za Selsiasi na mwigizaji Jean Hersholt akaugua hadi kulazwa hospitali. Toleo la kwanza, lenye mikanda 42, lilichukua takriban saa tisa kulitazama. Stroheim alilipunguza karibu nusu, na rafiki yake Rex Ingram, naye mwongozaji, akapunguza zaidi. Lakini mwaka 1924 kampuni iliyomwajiri baada ya Universal ilikuwa imeunganishwa na nyingine kuunda MGM, na msimamizi wa uzalishaji huko akawa Thalberg yuleyule. Watu ambao Stroheim hakuwachagua waliikata hadi ikabaki ya saa mbili na ushei, na vipande vilivyoondolewa vikateketea. Hata hivyo, kilichosalia kinahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za sinema isiyo na sauti.

Pigo zito zaidi lilitoka kwenye filamu ambayo sehemu yake kubwa ilipaswa kutokea Dar es Salaam. Queen Kelly, iliyoanza kupigwa mwishoni mwa 1928 kwa fedha zilizosimamiwa na mfanyabiashara Joseph Kennedy, ilimhusu msichana wa shule ya watawa anayependwa na mwana wa mfalme, kisha anaitwa kwenye danguro la shangazi yake katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Dar es Salaam hiyo yote ilijengwa California. Gloria Swanson, nyota wa filamu hiyo na mtayarishaji wake, alisimulia baadaye jinsi alivyochukizwa na namna Stroheim alivyozidisha uchafu wa matukio ya danguroni, akatoka na kumpigia simu Kennedy. Mapema 1929 kazi ikasimamishwa. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeshavuta watazamaji, na hakuna aliyetaka kumalizia kwa gharama kubwa filamu isiyo na sauti. Nafasi ya mwisho ya kuongoza aliipata katika studio ya Fox, lakini kazi yake ilipigwa upya na wengine, ikatolewa mwaka 1933 bila jina lake kama mwongozaji.

Kama mwigizaji, ukaidi uleule ulithaminiwa. Katika La Grande Illusion ya mwaka 1937, mwongozaji Mfaransa Jean Renoir, aliyempenda tangu Foolish Wives, alimwachia nafasi ya kuichonga nafasi ya Rauffenstein, kamanda wa gereza la wafungwa wa vita mwenye shingo iliyofungwa kwa kishikizo. Alipomwigiza Rommel, jemadari wa Kijerumani, mwaka 1943 alidai kamera alizovaa shingoni ziwe halisi na ziwe na filamu ndani, na mwongozaji Billy Wilder akakubali, maana dai hilo halikugharimu chochote cha maana. Ni Wilder pia aliyempa nafasi ya mtumishi Max katika Sunset Boulevard ya mwaka 1950, mwongozaji wa zamani anayemhudumia nyota aliyesahauliwa, yaani Swanson mwenyewe. Na filamu ya zamani ambayo wawili hao wanaonyeshwa wakiitazama ni Queen Kelly. Nafasi hiyo ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, ingawa yeye aliidharau nafasi yenyewe.

Hakuacha kuandika. Mwaka 1939 alikuwa tayari kuongoza filamu nchini Ufaransa, vita vikazuka na mpango ukafa. Baada ya vita alirudi huko, akaishi Maurepas karibu na Paris, na serikali ya Ufaransa ikamtunuku nishani ya Légion d'honneur muda mfupi kabla ya kifo chake tarehe 12 Mei 1957. Hakuna mtayarishaji aliyekuwa tayari kumkabidhi filamu nyingine aiongoze.