Radi na maji ya ghafla: maswali na majibu kwa msimu wa mvua

Eneo la kuanzia Kivu hadi Ziwa Victoria ni kati ya yale yanayopigwa sana na radi duniani. Vipimo vya setilaiti viliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani: takriban mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Anayelima, kuchunga, kuvua au kusomesha watoto katika eneo hili anahitaji kuyajua yafuatayo kabla wingu halijatanda.

Ngurumo iko mbali na hapa jua linawaka. Niendelee kupalilia?

Acha, ondoka. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inakonyesha, na ngurumo nayo husikika kwa umbali unaokaribiana na huo. Kwa hiyo ukiisikia, tayari umo ndani ya eneo lake. Ukitaka kukadiria, hesabu sekunde tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike, kisha gawa kwa 3: sekunde 30 ni kama kilomita 10. Lakini usisimame shambani ukihesabu.

Wengi hupigwa na radi mvua ikiwa bado haijaanza, au ikiwa imeshakatika na watu wamerudi kazini haraka. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, anza kuhesabu upya.

Nikimbilie wapi?

Nyumba ya matofali yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, kwa sababu vyuma hivyo huupa umeme njia ya kushukia ardhini. Gari lenye bodi na paa la chuma pia linafaa, vioo vikiwa vimefungwa na mikono mapajani. Bodaboda, bajaji ya turubai, kibanda cha mama lishe, hema na kituo cha daladala vinakukinga na mvua tu.

Ugumu uko vijijini, ambako nyumba nyingi na hata madarasa ni udongo, fito na nyasi, au bati bila waya wowote wa kushuka chini. Bati lenyewe halivuti radi. Tatizo ni kwamba umeme ukishatua juu yake hutafuta ardhi, na ukikosa njia huruka kupitia nguzo, ukuta au mtu aliye karibu. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Machi 2018, Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, watu 16 walikufa kanisani. Hawa wote walikuwa chini ya paa.

Kinga ya jengo ina sehemu tatu: vyuma vya kupokea radi juu ya paa, waya mnene unaoshuka bila kona kali, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Ikikosekana moja, mbili zilizobaki hazifanyi kazi. Wezi wa shaba wakikata waya wa kushukia, kile chuma cha juu hubaki kikipokea umeme bila kuwa na pa kuupeleka. Kamati ya shule ifuate waya huo kwa macho kutoka paani hadi unapoingia ardhini, kabla ya kila msimu wa mvua. Kama jengo halina kinga kabisa, watoto wakae katikati ya chumba, mbali na kuta, nguzo na madirisha. Hiyo hupunguza hatari, haiiondoi.

Niko malishoni, hakuna nyumba karibu. Mti je?

Usiende chini ya mti. Umeme huruka kutoka kwenye shina hadi kwa mtu, na unaofika ardhini husambaa pande zote. Ukisimama miguu imeachana, mguu ulio karibu na shina na ule ulio mbali huwa na nguvu tofauti za umeme, basi umeme hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ndiyo sababu ng'ombe hufa kundi zima chini ya mti mmoja: miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na moyo uko katikati. Kwa sababu hiyohiyo usilale chini.

Shuka kutoka kilimani, jitenge na uzio wa waya na maji, teremsha jembe begani lisikuongezee urefu, na endelea kutembea kuelekea kwenye jengo au gari. Mkiwa wengi, achaneni kama mita 20, ili akipigwa mmoja au wawili, waliobaki wapate kuwahudumia. Kuchuchumaa kulikofundishwa zamani hakumfanyi mtu awe salama, kwa hiyo kusikucheleweshe safari.

Na ndani ya nyumba?

Chomoa televisheni na redio kabla radi haijafika. Ikishaanza, usiguse plagi, usioge, usioshe vyombo bombani. Simu ya mkononi haina tatizo isipokuwa ikiwa kwenye chaji. Kufunika vioo au kuvua nguo nyekundu hakubadilishi chochote.

Kwa nini wavuvi hukumbwa usiku?

Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo kutoka ziwani husukuma mawingu hadi nchi kavu alasiri. Usiku upepo hugeuka: hewa ya pwani zote hukutana katikati ya Ziwa Victoria na dhoruba huzaliwa hukohuko, mara nyingi kuelekea alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Sikiliza utabiri kabla ya kutoka, vaa jaketi la kuokolea tangu mwanzo, na ukiona umeme upeoni anza safari ya kurudi. Hakuna nyavu zenye thamani ya kusubiriwa.

Mtu amepigwa na radi. Tunaweza kumgusa?

Ndiyo, tena mara moja. Mwili wake haubaki na umeme hata kidogo. Watu wanaokufa huku majirani wamesimama pembeni wakiogopa, au wakingoja mganga aje kwanza, wengine wangeweza kupona. Tunasema hivi kwa uzito wote.

Radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo uliokosa hewa husimama mara ya pili. Ndiyo maana hapa kupuliziwa pumzi kuna umuhimu wa pekee.

Kama radi bado inapiga, kwanza mhamishie mahali salama. Asipopumua, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mikandamizo 30, inua kidevu, bana pua na mpulizie pumzi mbili mpaka kifua kiinuke. Endelea hadi apumue au wahudumu wafike.

Wakipigwa wengi, anza na wanaoonekana wamekufa. Anayelia au kugugumia anapumua, na mara nyingi ataishi. Miguu iliyokufa ganzi na kupoa huweza kurudi baada ya saa chache. Hata anayesimama na kusema yuko sawa apelekwe hospitali: moyo upimwe, masikio na macho yaangaliwe. Usimfukie kwa udongo wala kummwagia maziwa.

Maji yanakatiza barabara. Tuvuke?

Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo, na 60 hubeba hata magari makubwa ya familia. Dereva wa Jangwani, Dar es Salaam, au wa daraja mfuto lolote (la chini, ambalo maji hupita juu yake) hawezi kuona kama lami bado ipo chini ya maji hayo ya tope. Rudi, au subiri. Korongo kavu nalo linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, hapo ulipo bila tone.

Maji yameingia ndani?

Zima swichi kuu ukiweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Vinginevyo iache na utoke. Kaa angalau mita 10 kutoka waya ulioanguka. Tanzania piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, Kenya 999 au 112.

Baadaye chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika nzima, na vaa mabuti unaposafisha tope, kwani mkojo wa panya katika maji hayo hubeba homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Homa ikikushika katika wiki zinazofuata, mweleze mhudumu wa afya kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, asije akapima malaria peke yake.