"Ile hela" ni ipi? Somo la mtandao lianzie kwenye somo la Kiswahili

Wiki chache zilizopita niliketi nyuma ya darasa la kidato cha pili huko Igoma, jijini Mwanza. Mwalimu wa Kiswahili akaandika ubaoni kwa chaki: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Hata hakumaliza, darasa zima lilikuwa linacheka. Nani Tanzania hajawahi kuupata ujumbe huo? Akawageukia: "Ile ipi?"

Kimya.

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu, na nimehudhuria semina nyingi za matumizi salama ya mtandao. Swali lile lilifundisha kuliko nyingi kati ya hizo. "Ile" ni kionyeshi. Hutumika kwa kitu kilicho mbali au ambacho wasemaji walishakitaja. Tapeli hajataja kitu. Anaiacha "ile" ikuingie, na wewe mwenyewe unaijaza kwa deni ulilonalo. Ujumbe anautawanya kwa namba nyingi, na kati ya wengi hao hakosekani mtu aliyeamka akijua leo lazima atume hela.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na mzigo ukifika humtumia hela mwenye mtumbwi aliyeko Ukerewe. "Ukiingia siku hiyo, mwalimu, mama anatuma." Mwalimu akawaonyesha pia kazi ya lile jina. Ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri, na hapo ndipo mtu angeshtuka. Tapeli amekuwahi: jina ameshakutajia, ukiliona unaridhika.

Walimu wengi huniambia wanasubiri kompyuta ndipo waanze elimu ya mtandao na habari. Nawaomba wasisubiri. Wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini jioni wanazikuta nyumbani, na mara nyingi wao ndio wanaowasomea wazazi ujumbe. Azimio la Grünwald, lililotolewa Ujerumani mwaka 1982 chini ya UNESCO, lilitaka elimu ya vyombo vya habari itolewe kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, na mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala wake kwa ajili ya walimu. Naona walianza pazuri, kwa sababu mwalimu wa kila somo tayari ana kipimo chake mkononi.

Wa Historia anacho. Ajali ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, iliacha msiba katika nyumba nyingi za kanda hii. Ikiletwa video ya simu ikidaiwa ndiyo meli ile inazama, aulize: mwaka 1996 nani alikuwa na simu ya kurekodi video? Wa Hisabati achore nguzo mbili za bei ya sado ya dagaa, tuseme shilingi 9,000 na 10,000, lakini mhimili auanzishie kwenye 8,000. Nguzo ya pili itaonekana mara mbili ya ya kwanza, ilhali bei imepanda kama asilimia 11 tu. Wa Jiografia aeleze nguzo ya maji inayozunguka juu ya ziwa, kabla video yake haijazushiwa maelezo ya kutisha.

Ujumbe wa kitapeli huripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia namba 15040, na ukipiga *106# unaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba hizo ziandikwe ubaoni pia.

Kabla kengele haijalia, mwalimu alimuuliza yule msichana atamwambia nini mama yake. Akafikiri kidogo. "Asitume kwanza. Ampigie mwenye mtumbwi kwa namba yake ya siku zote, ile aliyoihifadhi."

"Ile ipi?" darasa likaitikia kwa pamoja, na safari hii jibu alikuwa nalo.